Pipa la Miwani

Iliwezekanaje mvinyo uliofungiwa ndani ya pipa kwa lakiri miaka thelathini na mitatu, usiguswe na mkono wa mtu wala kuonwa na jicho, utoke siku ya kufunguliwa ukiwa mtamu, na pipa lenyewe liwe limejaa hadi mdomoni? Swali hilo lilimkaa Profesa kooni kama mwiba wa samaki tangu Jumatatu, na jibu lake hakuwa nalo.

Profesa hakuwa profesa. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa historia, na jina hilo alipewa na wafanyakazi wa ghala la mvinyo siku alipoteremka ngazi zake akiwa na daftari kwapani, akauliza maswali kumi na saba kabla ya saa nne. Tasnifu yake ilihusu wanasiasa na mvinyo: jinsi wakubwa wa nchi walivyoyashika mashamba ya mizabibu kwa mkono mmoja na kutunga sheria za mizabibu kwa mkono wa pili. Hakuhitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Babu yake mzaa mama alikuwa mtunza mapipa wa ghala hilo tangu ujana wake, na mjomba wake sasa ndiye aliyekuwa meneja.

Ghala lilikuwa na utaratibu uliodumu kuliko serikali zote. Kila mkubwa aliyekula kiapo cha kuongoza nchi, awe kiongozi mwenyewe au makamu wake, aliteremka humo wiki ile ile, akachagua pipa moja la mvinyo mpya, likazibwa mbele ya macho yake, na juu ya kizibo ikamiminwa lakiri nyekundu na kugongwa mhuri wake. Tangu hapo pipa hilo lilikuwa mwiko kuguswa, hadi siku atakapong'atuka na kuwanywesha wageni waliokuja kumuaga. Aliyeligusa kabla ya siku hiyo alihesabiwa kuwa ameugusa uongozi wenyewe, na wapo waliofungwa kwa makosa madogo kuliko hilo. Wafanyakazi, ambao hata chini ya ardhi waliogopa kuwataja wakubwa kwa majina, waliwapachika majina yao wenyewe: Kofia, Masharubu, Miwani.

Miwani alifia madarakani, kwa hiyo pipa lake halikufunguliwa. Sasa mwanawe alikuwa Waziri wa Kilimo, na wiki iliyofuata angewaandalia chakula wageni wa serikali. Alitaka wanywe mvinyo wa baba yake. Jumatatu alimtuma Katibu wake, mtu mwembamba mwenye viatu vinavyong'aa, aje kuhakikisha kwamba hautakuwa siki.

Mjomba aliivunja lakiri kwa nyundo ndogo, akang'oa kizibo, akatumbukiza mrija wa kioo. Hakuhitaji kuuzamisha sana, maana mvinyo ulikuwa upana wa kidole tu kutoka mdomoni. Katibu alipokea glasi kwa uso wa mtu anayemeza dawa, akaonja, akafumbua macho.

"Loo!" akasema. "Mzee, hongera. Miaka thelathini na mitatu na haukupungua hata kidogo! Huu ni muujiza."

"Mapipa mazuri hayo," Babu alijibu kutoka kwenye ngazi, akatazama pembeni.

Katibu alikwisha kuandaa hati. Ilisema kwamba pipa hilo halikuguswa na mtu yeyote tangu lilipofungwa na Marehemu, na kwamba mvinyo uliomo ni ule ule wake. Nakala ya hati ingebandikwa kwenye kila chupa. "Inahitaji saini tu," alieleza. "Akisaini meneja, watasema anauza. Akisaini mzee, watasema anajisifu. Akisaini msomi wa historia, nani atabisha? Binti, unasemaje?"

Profesa alikubali papo hapo. Kila alichokuwa ameandika maishani mwake kilisomwa na watu waliolipwa ili wakisahihishe. Hiki kingesomwa na watu waliokaa mezani kwa hiari yao. Wakaahidiana Alhamisi saa nne. Ni baadaye, Katibu alipokwisha kuondoka, ndipo mwiba ulipomkwama.

Alipokuwa na umri wa miaka minane, Babu alimkalisha juu ya kreti na kumfundisha kwamba pipa ni mnywaji. Mbao zinakunywa, hewa inakunywa, na kila mwezi mvinyo unashuka kidogo. Mahali unaposhuka hukaa hewa, na hewa ikikaa sana, mvinyo hugeuka siki. Ndiyo maana mtunza mapipa hujazia: hupita na ndoo na faneli, pipa kwa pipa, akiongeza kilichopotea. Sasa pipa lililofungwa kwa mhuri lingejaziwa na nani? Kwa hesabu ya mafundisho hayo, pipa la Miwani lilipaswa kuwa tupu karibu nusu, na kile kilichobaki kifae kusafishia madirisha.

Jumanne alikwenda kwenye chumba cha lebo. Mama Lebo, mbandika lebo wa ghala, alikuwa amekaa penye dirisha kama kawaida, vidole vimekauka gundi, akiinua kila chupa kwenye mwanga kabla ya kuivisha.

"Mama, umewahi kuona pipa lisilopungua?"

"Nimewahi kuona mume asiyepungua maneno. Pipa, hapana."

"Basi la Miwani limejaaje?"

Brashi ya gundi ilisimama hewani. "Wewe mtoto, huko chuoni mmemaliza ya vitabuni mpaka mmehamia kwenye mapipa ya watu?"

"Natakiwa kutia saini, Mama. Nataka kutia saini kitu ninachokijua."

"Haya. Mimi sijui kitu, na nisichokijua nakificha vizuri. Ila nitakwambia jambo moja la usafi tu. Lile ghala nimelifagia kila Ijumaa miaka ishirini na sita. Babu yako hajaniruhusu hata siku moja kufagia nyuma ya mapipa ya wakubwa. Anasema huko kuna buibui wa heshima."

"Buibui wa heshima?"

"Ndivyo alivyosema. Nami nikawaheshimu." Akaishusha brashi, akapaka gundi, akabandika lebo bila kuitazama. "Haya nenda, unanizibia mwanga."

Siku ya pili yake, wafanyakazi walipokuwa uani wakishusha kreti za zabibu, Profesa alishuka ghalani na tochi. Mapipa ya wakubwa yalikuwa yamepangwa safu moja kando ya ukuta wa mwisho, na nafasi ya nyuma yake ilimtosha mtu aliyekubali kupita kiubavu. Akajipenyeza, mgongo ukisugua ukuta na pua ikigusa mbao. Alipofika kwenye pipa la Miwani alilipapasa kutoka chini kwenda juu, ubao kwa ubao, mpaka kidole chake kilipokuta kinundu juu kabisa, kando ya pete ya chuma. Kilikuwa kijiti kilichoziba tundu, chembamba kuliko penseli, kimechongwa kikawa karibu sawa na ubao na kusuguliwa majivu ili kifanane na mbao za kale. Akaenda kwenye pipa lililofuata. Nalo lilikuwa nacho. Na la tatu.

Ndipo alipogeuza tochi. Ukuta mzima uliokuwa nyuma yake ulikuwa umeandikwa kwa chaki.

Hayakuwa maneno. Sambamba na kila pipa palichorwa kitu kimoja kwa mkono wa mtu asiye mchoraji: hapa kofia, pale masharubu, mbele yake miwani. Chini ya miwani ilishuka mistari midogo iliyofungwa tano tano, na kando ya kila mstari palikuwa na mchoro mdogo zaidi. Kofia. Kofia. Kofia. Masharubu. Kofia. Profesa alihesabu akakuta mistari sitini na minne, kila mmoja mara moja ya kujazia: miwili kwa kila mwaka, ukiondoa mwaka wa kwanza. Alikuwa amekaa maktaba miezi minne akitafuta karatasi yenye ukweli nusu ya ule.

Vitabu vyote vilisema kwamba siku Miwani alipompindua Kofia na kumweka kizuizini, mvinyo wa Kofia ulimwagwa mtaroni mbele ya askari. Ilikuwapo hata picha. Basi mvinyo uliomwagwa uliwezaje kumjazia aliyeumwaga, tena mara nyingi kiasi kile?

"Umechafuka mgongo," ilisema sauti ya Babu upande wa pili wa mapipa.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Toka huko kabla hujavunja mbavu. Zako, si za mapipa."

Alipotoka alimkuta Babu ameketi juu ya kreti, fimbo katikati ya magoti. Hakuonekana kukasirika; alionekana kama mtu ambaye mgeni wake wa siku nyingi amefika wakati nyumba haijafagiwa.

"Siku ile ulimwaga nini mtaroni?" Profesa aliuliza.

"Mashapo ya matangi, maji, na rangi ya maganda ya zabibu. Askari walikuwa vijana, hawajui harufu ya mvinyo na harufu ya mashapo. Wa Kofia nilikwisha kuuhamishia kwenye mitungi ya kioo, na wa Masharubu ukafuata alipoanguka. Mitungi iko chini ya ngazi mpaka leo. Umeipita mara ngapi ukidhani ni ya mafuta?"

"Ulifanya hivyo kwa kuwa ulimpenda Kofia?"

"Nani kakwambia?" Babu alicheka mpaka akakohoa. "Usimfanye Kofia malaika kwenye hicho kitabu chako. Yeye ndiye aliyeanzisha mambo ya lakiri. Yeye ndiye aliyepitisha sheria kwamba zabibu za shamba lake zipimwe kwanza, za wengine zingoje juani. Alipokuja Miwani akapitisha ya kwake, kwamba za wengine zisipimwe kabisa, kila mkulima amuuzie yeye. Masharubu, makamu wake, alipobisha bungeni akafukuzwa chamani, mizabibu yake ikang'olewa hadi mizizi. Wale wote waliupenda mvinyo kama mtu anavyopenda kioo, apate kujiona. Mimi nilipenda mvinyo."

"Lakini Miwani, Babu? Kwa nini umjazie Miwani?"

"Pipa lina kosa gani?" Akapiga fimbo chini taratibu. "Wakubwa wale walikosea jambo ambalo hata paka wa humu ghalani asingekosea. Waliliziba pipa wakaliamuru litulie. Nilimwambia Miwani uso kwa uso: Mheshimiwa, pipa hujaziwa. Akaniambia: langu halitapungua. Ungemjibu nini mtu kama huyo? Na lingetoka siki, angelaumiwa nani? Lakiri?"

Profesa aliketi sakafuni. "Kwa hiyo katika ile glasi ya Katibu, Miwani alikuwamo kiasi gani?"

Babu alifumba macho kama mtu anayeonja. "Zaidi ya nusu kidogo. Waliobaki ni Kofia kwa wingi, na Masharubu kwa harufu."

Profesa akaziba mdomo, lakini kicheko kilimponyoka. Watu watatu ambao hawakuweza kukaa chumba kimoja bila mmoja wao kufungwa walikuwa wamemwagwa katika glasi moja, na mtumishi wa Waziri akasema loo. Kisha kicheko kikamwishia, kwa sababu alikumbuka siku iliyofuata.

"Kesho natakiwa niandike kwamba halijaguswa."

"Andika."

"Babu!"

"Andika, mjukuu wangu. Watu wamenyweshwa uongo mkubwa kuliko huo na tumbo halikuwauma. Leseni ya ghala inatoka mezani kwa yule Waziri. Mjomba wako ana watu arobaini na wawili nyuma yake, kila mmoja ana watoto. Na mimi... Mimi hapa naamkiwa kama mtu aliyelinda lakiri. Ndiyo heshima yangu. Sina nyingine."

Uani kreti ziliendelea kugongana. Profesa alizitazama buti za babu yake, zilizochakaa ncha kwa kuyapiga mapipa teke, akajaribu kulifikiria jambo hilo bila kujipendelea. Kukataa kulikuwa rahisi kwake. Yeye angerudi chuoni. Bei ya ukweli wake ingelipwa na watu wengine, na wa kwanza wao alikuwa ameketi mbele yake.

"Nikiandika hivyo," alisema polepole, "nitakuwa nimemmwaga Kofia mara ya pili, na safari hii kwa kweli. Na si yeye tu. Mara sitini na nne umejibana kule nyuma na faneli, mgongo unauma, roho mkononi. Halafu mimi, mjukuu wako, niandike kwamba hakuna mtu aliyefanya kitu?"

Babu alikuwa akisugua goti.

"Nikisema utaumia, Babu."

"Nitaumia." Akanyoosha mkono asaidiwe kuinuka. "Mimi nilificha kwa kuwa zamu yangu ilitaka hivyo. Zamu yako siwezi kukupangia. Ila ukisema, usiseme niliiba. Sema nilijazia."

Alhamisi saa nne walikutana katika ofisi ya meneja. Katibu alikaa chini ya feni, hati mbele yake, kalamu juu ya hati, na kando glasi ya sampuli ya mvinyo wa Miwani. Mjomba alikuwa amevaa tai. Babu alikuwa na koti lake jeusi, lile la mazishi na harusi, na Mama Lebo alisimama mlangoni na sampuli ya lebo ambayo hakuna aliyekuwa amemwagiza ailete asubuhi ile.

"Msomi wetu huyo!" Katibu alisema. "Waziri ameniuliza habari zako. Anapenda vijana wenye bidii. Huwezi kujua, ukimaliza chuo..."

"Taratibu, ndugu Katibu," Mjomba alitania. "Mgema akisifiwa sana tembo hulitia maji."

"Maji hayakutiwa, Mjomba," alisema Profesa. "Kilichotiwa ni mvinyo."

Akawaeleza. Hakupaza sauti wala hakukimbiza maneno. Alianza na pipa linavyokunywa, akaja kwenye vijiti, akamaliza kwa ukuta na mitungi iliyo chini ya ngazi. Alitumia neno kujazia, kila mara. Mjomba alianza kwa kucheka, akaishia kuilegeza tai. Alipomaliza, wote walimgeukia Babu.

"Ndivyo," Babu alisema. "Amehesabu vizuri."

"Baba!" Mjomba alisimama. "Miaka yote hii, hata mimi hukuniambia?"

"Wewe ni meneja. Meneja akijua, inabidi achukue hatua."

Mama Lebo alikohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Katibu peke yake hakubadilika uso. Alikuwa mtu wa kazi yake, amekwisha kupitisha mambo magumu kuliko hayo kwenye milango myembamba kuliko huo. Akaivuta hati, akachukua kalamu, akakata neno moja na kuandika jingine juu yake.

"Tazama, binti. Tuondoe 'halikuguswa', tuweke 'lilitunzwa'. Pipa hili lilitunzwa tangu lilipofungwa na Marehemu. Je, ni uongo?"

"Si uongo," Mjomba alidakia. "Lilitunzwa. Baba amelitunza. Mpwa wangu, hilo ni neno zuri, tena linamheshimu babu yako."

"Na tukumbuke," Katibu aliongeza kwa upole, kama mtu anayeuliza saa, "leseni yenu inaisha mwezi ujao. Si ndiyo?"

Feni ilizunguka. Profesa aliisoma hati upya, na alikiri moyoni kwamba ilikuwa imeandikwa vizuri. Hakuna aliyeshambuliwa, hakuna aliyesema uongo, kila mtu angekwenda nyumbani na chake. Akaona kwamba picha ile ya mtaroni ilikuwa imeingia vitabuni kwa njia hiyo hiyo: si kwa mtu mmoja kusema uongo mkubwa, ila kwa watu wengi wenye adabu kukubaliana juu ya neno. Alimtazama Mjomba, ambaye jasho lilimtoka kwa ajili ya watu arobaini na wawili, naye hakumdharau hata kidogo. Kisha alimtazama Babu. Babu hakuwa akimtazama. Alikuwa ameifikia ile glasi ya sampuli mezani, akaipeleka puani, na kwa mara ya kwanza mbele ya watu akauonja mvinyo wa wakubwa.

Profesa aliirudisha kalamu juu ya meza.

"Mjomba, unisamehe. Ndugu Katibu, nakuomba umfikishie Waziri kama nitakavyosema. Hati hii sitaitia saini, hata kwa neno hilo jipya. Leo hii nitaandika nyingine, itakayosema kwamba pipa hili lilijaziwa mara sitini na nne kwa mkono wa mtunza mapipa, kwa mvinyo wa wale wawili ambao Marehemu aliwaangusha, nami nitawataja wote kwa majina yao kamili. Hiyo nitaitia saini. Waziri akiitaka, ataibandika kwenye chupa zake. Asipoitaka, itaingia katika tasnifu yangu kama ilivyo, na yeyote atakayekuja kuniuliza nitamshusha ghalani nimwonyeshe ukuta."